Kinywa Kimoja, Jina Moja

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini? Pakawa mlima wenye masikio, pakawa mama asiyekumbuka, pakawa chungu cha uji wa mtama kinachochemka. Sogeeni karibu. Aliye jirani na kuni aongeze moja, maana hadithi hii ina njia ndefu, na mwenye kuitembea alichelewa kuondoka.

Hapo zamani za kale, milima ilipokuwa bado inajibu ikiitwa, palikuwa na kijiji kiitwacho Kisangira. Kilikaa ubavuni mwa kilima, migomba mbele, mfereji wa maji nyuma. Ukisimama Kisangira na kutazama upande jua linakotoka, uliuona Mlima Ngofi umejifunika ukungu, kama bibi kizee aliyejifunika shuka asubuhi ya baridi. Watu wa Kisangira walisema kwamba bibi yao wa kwanza, aliyewazaa wote, alikwenda kupumzika kwenye jabali lililoko kileleni, na kwamba bado yumo mle ndani, anasikiliza.

Kwa hiyo walikuwa na desturi yao. Vijana wa rika moja walipofikia umri, baada ya mavuno ya maharage, walikata kila mmoja fimbo mbichi ya mkuyu na kuondoka pamoja kwa miguu kwenda Ngofi. Walipofika kileleni walisimama mbele ya jabali, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliita jina lake mwenyewe kwa sauti yake yote. Mlima ulimjibu. Ukisema Mbonea, mlima nao unasema Mbonea. Basi, tangu siku hiyo wewe ni mtu mzima. Ukirudi nyumbani unapewa kigoda. Unakaa na wakubwa, unasema kwenye vikao, na siku ukifa jina lako huitwa kaburini ili bibi wa mlimani ajue nani anakuja.

Asiyekwenda hakupigwa wala kufukuzwa. Alikaa tu chini mkekani pamoja na watoto, hata kama kichwa chake kimejaa mvi. Akifa alizikwa kimya, kama anavyozikwa mtoto mchanga.

Na sharti la mlima lilikuwa moja. Watoto walilijua kabla hawajajua kufunga nguo zao: kinywa kimoja, jina moja, mara moja. Hakuna kurudia. Tena mlima haukupenda watu kuitiana. Kila mtu na jina lake.

Sasa, katika kijiji hicho aliishi msichana aitwaye Namcharo pamoja na mama yake, Nakiete. Baba alikuwa amefariki zamani. Namcharo alikuwa na miguu mirefu, na ukimtuma mferejini hurudi kabla mate hayajakauka. Tangu alipoanza kuelewa maneno, hakuna kitu alichokitamani kama safari ya Ngofi. Alikwenda kujizoeza kuita jina lake kule mferejini, mpaka vyura wakamwomba apunguze sauti.

Msidhani alitaka sifa. Mama yake, kwenye kila sherehe, alikaa mkekani na watoto. Wanawake wenzake walikaa juu ya vigoda wakinong'ona na kucheka, na yeye alikuwa chini, akiwafuta watoto wa watu makamasi. Namcharo aliwahi kumwuliza sababu. Mama alijibu kwamba alianza safari lakini hakufika, kisha akasema maharage yanaungua, na maharage hayakuwa hata motoni. Basi Namcharo akajiambia moyoni: nikipata kigoda changu, nitakisogeza mpaka kwenye mkeka wa mama, nikae hapo, nimwone nani atasema neno.

Mwaka wa rika lake ulipofika, maharage yakiwa bado shambani, Nakiete akashikwa na homa kali. Homa ile ilimtikisa, ikamkausha, ikamlaza. Ilipoondoka, iliondoka na nguvu za miguu yake. Tena iliondoka na majina. Uji aliujua kuwa ni wa kunywa, lakini hakujua unaitwaje. Jua alilijua kuwa ni la kuota, lakini hakujua linaitwaje. Na binti yake naye alimtazama kwa macho ya upole, akamtafutia jina, akalikosa.

Asubuhi ya kwanza alimwita Kidoti. Namcharo aligeuka kuangalia kama mbuzi ameingia ndani, maana Kidoti ni jina la mbuzi wao. Mlangoni hapakuwa na mbuzi. Ndipo akaelewa. Akaitika, "Abee, mama."

Mchana mama alimwita Dada. Dada yake huyo alikuwa amekufa kabla Namcharo hajazaliwa. Namcharo akaitika, "Abee, mama."

Jioni alimwita Mgeni. Akamwuliza kama amekula, na kama njiani kulikuwa na matope. Namcharo akaitika, "Abee, mama. Nimekula. Matope yamekauka."

Mbuzi Kidoti alisikia mambo hayo akiwa uani, akakasirika. Akaingiza kichwa mlangoni akasema, "Mimi naitwa, wewe unaitika. Basi kesho asubuhi ukamuliwe wewe."

Namcharo alimwomba radhi, na mama akacheka bila kujua anacheka nini. Kilikuwa kicheko chake kile kile cha zamani. Hicho homa haikukichukua.

Siku za safari zikakaribia. Namcharo alikata fimbo yake ya mkuyu kama wenzake, akaiegemeza kando ya mlango. Jioni moja shangazi yake akaja. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba, mwanamke mwenye kigoda kikubwa na ulimi usiopumzika, lakini moyo wake haukuwa mbaya. Akasema Namcharo aende na rika lake, yeye atabaki na mgonjwa. Kuonyesha kwamba anaweza, akachukua kibuyu cha uji akampelekea Nakiete mdomoni.

Nakiete alifunga mdomo. Shangazi akabembeleza, Nakiete akaugeuza uso ukutani. Shangazi akalazimisha kidogo, uji ukamwagika shingoni, na yule mgonjwa akaanza kulia taratibu kama mtoto aliyepotea sokoni.

Namcharo akakipokea kibuyu. Akaupuliza uji, akaupuliza tena, akaupuliza tena. Akagusisha ukingo wa kibuyu kwenye mdomo wa chini wa mama yake, akasubiri. Hakusukuma. Mama akanyamaza, akanywa.

"Mwanangu," shangazi akasema akijifuta mikono, "hata hakujui wewe ni nani. Ukienda, hatajua kuwa umekwenda."

"Jina langu limemtoka, shangazi. Mkono wangu haujamtoka."

"Rika huondoka mara moja. Hiyo ikipita, aliyechelewa huenda peke yake, na wengi hawaendi kabisa. Utakaa mkekani kama yeye mpaka meno yakuishe."

Namcharo aliitazama fimbo yake kando ya mlango. Ilikuwa bado mbichi, inatoa utomvu. Akasema, "Nitakwenda, shangazi. Ila siyo kesho."

Kesho yake baragumu lilipigwa, na vijana wakaondoka wakiimba. Rafiki yake Namcharo, msichana mfupi mcheshi aitwaye Nambike, alitoka kwenye mstari akaja mbio mpaka mlangoni. Alimshika Namcharo mabega, akamwambia asihuzunike, yeye atamwitia. Namcharo akamkumbusha sharti la mlima. Nambike akasema mlima unaweza kuwa na roho nzuri siku hiyo, nani ajuaye, akarudi mbio kuwafuata wenzake, fimbo yake ikimpiga miguuni.

Namcharo alisikiliza wimbo ule ukishuka bondeni. Ukawa mdogo, ukawa mdogo zaidi, ukaisha.

Hakukaa muda mrefu, akatokea Hondohondo. Alitua juu ya paa na domo lake kubwa, akasema, "Namcharo, Namcharo, wenzako wako kwenye mianzi, wamekaa wanakula viazi. Una miguu mirefu. Ukikimbia sasa utawakuta."

Moyo wa Namcharo uliruka. Mkono ukaenda wenyewe kwenye fimbo. Kisha akasikia kikohozi cha mama ndani. Akasema, "Mama hajanywa uji. Akishakunywa, nitakwenda."

Akaingia. Uji ulikuwa wa moto, akaupuliza. Mama akanywa, akapaliwa, akafutwa, akanywa tena. Namcharo alipotoka nje Hondohondo alikuwa amekwisha kwenda.

Jua lilipopanda akatokea Mbega, amevaa manyoya yake meupe begani kama mtu anayekwenda harusini. Akaning'inia kwenye mgomba, akasema, "Namcharo, Namcharo, wenzako wako mtoni, wanaoga miguu. Una miguu mirefu. Ukikimbia sasa utawakuta."

Mkono ukaenda kwenye fimbo. Namcharo akasema, "Mama hajaota jua. Akishaota, nitakwenda."

Akambeba mama yake mgongoni kumtoa nje. Mama alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko mtungi wa maji. Akasema sikioni mwa Namcharo, "Mgeni, mgongo wako una mifupa. Kwenu hakuna chakula?" Namcharo akacheka huku machozi yanamtoka, akamweka juani, akamkunjua vidole kimoja kimoja. Alipoinua kichwa, Mbega alikuwa amekwisha kwenda.

Alasiri akatokea Kinyonga. Alikuja juu ya ua, akatoa mguu mmoja, akafikiri, akaurudisha, akautoa tena. Akasema, "Namcharo, Namcharo, wenzako wako chini ya mlima. Mimi sikuwaona, nimesikia kwa Hondohondo. Una miguu mirefu."

Safari hii mkono wa Namcharo haukuondoka begani kwa mama. Akasema, "Mama hajalala. Akishalala, nitakwenda."

"Hata mimi nakwenda Ngofi," Kinyonga akasema. "Natangulia. Ukimaliza kazi yako utanikuta njiani."

Akatoa mguu mmoja, akafikiri, akaurudisha. Namcharo alibaki akimtazama mpaka mama alipolala, na yule msafiri alikuwa bado hajamaliza ua.

Vijana wakarudi. Kijiji kilipika, kikapiga ngoma, kikagawa vigoda vipya vinavyonukia mti. Nambike alipewa chake, lakini hakukikalia kwa raha. Alimweleza Namcharo kila kitu. Alikuwa ameita jina lake, na mlima ukamjibu vizuri. Kisha akavuta pumzi, akaita, "Namcharo!" Hapo mlima ulinyamaza. Hata upepo ulisimama. Wenzake wakamvuta nguo ashuke.

Habari hiyo ikazunguka kijijini. Wengine walisema ni sharti tu, wengine wakasema mlima umemkataa. Kwenye sherehe Namcharo alikaa mkekani, mama yake amemwegemea. Mtoto mmoja alimtazama sana, akamwuliza mbona mkubwa hivyo anakaa huku.

"Huku ndiko kuna ndizi nyingi," Namcharo akasema, na mtoto akaridhika.

Lakini ilimwuma. Siwadanganyi, ilimwuma. Fimbo kando ya mlango ilikauka, ikawa nyepesi na ya kijivu. Mvua zikaja, zikapita. Mama akapata nguvu kidogo, akaweza kukaa mwenyewe. Aliendelea kumwita Kidoti, Dada, Mgeni, na Namcharo aliendelea kuitika. Mbuzi alizoea. Siku nyingine mbuzi mwenyewe alimwambia Namcharo, "Nenda basi, tunaitwa."

Nambike naye alikuja kila asubuhi. Alitaka kuujua mkono ule wa kumnywesha mgonjwa. Mwanzo mgonjwa alimtemea uji. Nambike akacheka, akajifuta, akarudi kesho yake. Namcharo alimfundisha kupuliza, kugusisha ukingo wa kibuyu mdomoni, kusubiri. Kusubiri ndiko kulikomshinda, kwa sababu Nambike hakuwa mtu wa kusubiri. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakabeba, ndipo siku moja Nakiete akanywa mkononi mwa Nambike kibuyu kizima, na Nambike akakaa chini akalia kwa furaha.

Maharage yalipovunwa tena, Namcharo alimtoa mama yake nje kuota jua. Mama akaiona ile fimbo kavu kando ya mlango. Akanyoosha mkono. Namcharo akampa. Mama akaipapasa kuanzia juu mpaka chini, na uso wake ukabadilika.

"Nilikuwa na fimbo kama hii," akasema.

Namcharo akachuchumaa mbele yake. "Ilikwenda wapi, mama?"

"Niliikita ukingoni mwa mto. Tumbo lilinishika hapo. Wenzangu waliendelea, mimi nikajifungua, nikafunga mtoto mgongoni nikarudi."

"Mtoto gani?"

"Mtoto mzuri. Miguu mirefu." Akatafuta jina, midomo ikacheza bila sauti, akalikosa. "Limepotea," akasema kwa aibu.

Namcharo alishika ukingo wa mkeka. 

"Mimi ni Nakiete," mama akasema ghafla, wazi kabisa. "Sikufika kuliita. Nikifa watanizika kimya."

Homa ilikuwa imechukua au imechanganya majina yote duniani, ikamwachia hilo moja na hofu yake. Na Namcharo akaelewa ni nani aliyemkalisha mama yake mkekani miaka yote ile. Mama hakuwahi kumwambia, hata siku moja, hata kwa hasira.

Asubuhi ya pili yake Namcharo alikwenda kumwita Nambike. Nambike akaja na mkeka wake wa kulalia bila kuuliza maswali. Shangazi naye akaja na ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye majani.

"Utakuwa peke yako," shangazi akasema. "Na usisahau. Kinywa kimoja, jina moja, mara moja."

"Nimelishika, shangazi."

Akamwinamia mama yake akamuaga. Mama akamwambia, "Mgeni, salimia nyumbani." Namcharo akaitika, "Abee, mama," akaondoka. Fimbo kavu aliiacha mikononi mwa mama, yeye akaenda mikono mitupu.

Alitembea. Alipita migomba, akapita mashamba, akapita mianzi. Mbele kidogo ya mianzi, juu ya kichaka, aliona mguu mmoja wa kijani umetoka, umerudi.

"Umechelewa," Kinyonga akasema.

"Na wewe je? Mwaka mzima umefika hapa?"

"Mimi sikusema nitafika lini. Nilisema utanikuta njiani."

Namcharo akampandisha begani, wakaenda pamoja. Kinyonga alishangaa sana jinsi miti inavyokimbia.

Wakafika mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, na mto ulikuwa umejaa, unavuma, mwekundu kwa udongo. Ukingoni palisimama mkuyu mkubwa, na shina lake limeinama juu ya maji mpaka matawi yake yakagusa ng'ambo. Mbega walikuwa wamejaa humo wakila makuyu. Namcharo akauliza mti huo ulipandwa na nani. Mbega yule mwenye manyoya ya harusini akajibu kwamba haukupandwa. Zamani, yeye Mbega akiwa mdogo, mti uliota kutoka kwenye fimbo ambayo mwanamke mmoja aliikita hapo kisha akarudi alikotoka, analia na anacheka, kwa kuwa alikuwa na kitu kidogo mgongoni.

Namcharo aliukumbatia mkuyu ule. Akaweka shavu lake kwenye gome.

"Hapa ndipo mama aliponibeba akarudi," akasema. "Sasa mimi ninambeba, naendelea."

Akakata tawi moja bichi likawa fimbo yake. Akapanda juu ya shina, akatambaa juu ya maji yale yanayovuma, Kinyonga amemshika nywele kwa miguu yote, wakashukia ng'ambo.

Wakapanda mlima. Ukungu ulikuwa mzito, mpaka walipofika juu na jabali likatokea mbele yao ghafla, jeusi na limelowa. Kinyonga akaomba atangulie. Akasimama juu ya jiwe dogo, akajaza kifua, akaita jina lake kwa kisauti kama cha mbu. Walisubiri sana. Mwisho mlima ukajibu, nao kwa kisauti kama cha mbu. Kinyonga akageuka rangi zote alizokuwa nazo.

"Haya, ita," akamwambia Namcharo.

Namcharo akasogea. Jina lake lilikuwa pale kwenye ulimi. Alilizoeza tangu utotoni, lilijua njia lenyewe. Lakini hakuliita.

"Nikiita langu, mlima utajibu," akasema. "Nitapewa kigoda."

"Kwa hiyo?"

"Nambike aliita la mwenzake, mlima ukanyamaza. Nikiita la mama, labda nitapoteza yote mawili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikiogopa, nitakaa kwenye kigoda, nimtazame mama mkekani mpaka siku ya kumzika kimya."

 Jicho moja la Kinyonga lilimtazama Namcharo, la pili likalitazama jabali. Namcharo akakita fimbo yake chini, akafunga macho, akafungua kinywa chake kimoja, akaita jina moja.

"Nakiete!"

Mlima ulinyamaza. Upepo ukasimama. Ukungu ukasimama. Namcharo alisikia moyo wake mwenyewe unavyopiga. Akaona kwamba amepoteza lake na la mama pamoja. Kuita tena hakuruhusiwa, basi akaongea kwa sauti ya chini, kama mtu anavyoongea na bibi yake jikoni.

"Bibi, alianza njia hii mimi nikiwa tumboni mwake. Aliikatiza kwa ajili yangu. Nimekuja na fimbo yake, nimevukia pale alipoishia. Hizi siyo safari mbili, bibi. Ni moja, imechelewa tu."

Kimya. Kisha jabali likasema, Nakiete. Kisha bonde likasema, Nakiete. Kisha milima ya mbali kabisa, ile isiyo na jina kwa watu wa Kisangira, nayo ikasema, Nakiete, polepole, kama mtu aliyelisubiri jina hilo miaka mingi na hataki liishe mdomoni.

Namcharo alikaa chini kando ya jabali. Alisubiri kama kuna neno lingine. Halikuja. Wakashuka.

"Na wewe sasa?" Kinyonga akauliza njiani.

"Mimi nimebaki mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Nakiete."

"Basi," Kinyonga akasema, akafumba jicho moja.

Hondohondo alikuwa mlimani siku ile, na Hondohondo hajui kukaa na habari. Alitangulia Kisangira, akatua juu ya paa la shangazi, akaeleza yote kwa domo lake kubwa. Mbega wakaja nyuma yake wakaapa kwamba ni kweli, nao pia waliusikia mlima kule mtoni. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.  Akainuka, akabeba kile kigoda chake kikubwa kichwani, akashika na kingine kidogo mkononi, akapita katikati ya kijiji watu wakimwona, mpaka kwa Nakiete. Akamshika wifi yake kwapani, akamkalisha juu ya kigoda mlangoni, akamnyoosha nguo magotini.

Jua lilipokuwa linateremka Namcharo akatokea kwenye migomba. Alimwona mama yake yuko juu ya kigoda, mgongo umenyooka, watu wamesimama uani. Nambike alikuwa kando na kibuyu cha uji, na siku hiyo mgonjwa alikuwa amekataa kabisa kunywa. Alikuwa anatazama njia.

Mbuzi alikuwa karibu na mlango. Mama alipofungua mdomo, mbuzi aliinua kichwa, tayari.

"Namcharo," mama akasema.

Watu wakageuka kumtazama.

"Namcharo, umechelewa. Uji unapoa."

Namcharo, aliyemwitikia mama yake alipomwita mbuzi, alipomwita marehemu, alipomwita mgeni, safari hii alisimama katikati ya uwanja na sauti haikutoka. Fimbo ikamwanguka. Ilibidi Kinyonga amvute sikio.

"Abee, mama," akasema. "Nimekuja."

Mtu mmoja pale nyuma akauliza kwa sauti ya chini kama msichana huyu atakaa wapi kwenye sherehe, maana mlima haukulitaja jina lake. Shangazi hakugeuka hata kumtazama.

"Ameitwa," akasema. "Wote mmesikia."

Akaweka kile kigoda kidogo chini, kando ya kile kikubwa. Namcharo alishukuru, akakigusa kwa mkono, kisha akakaa chini ardhini mbele ya mama yake. Mtu hunywesha uji vizuri akiwa hapo. Akaupuliza, akaupuliza tena, akaupuliza tena, akagusisha ukingo wa kibuyu, akasubiri. Mama akanywa mpaka ukaisha.

Kesho yake asubuhi mama alimwita Kidoti. Namcharo na mbuzi waliitika pamoja.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Nakiete. Kilichobaki chunguni ni uji, na huo una wenyewe.